Jini Aliyenogewa

Sahani ilikuwa safi kupita kiasi. Hilo ndilo lililotangulia, na kwa kuwa lilikuwa jambo dogo, tena la kupendeza, Kiguu hakulitilia maanani.

Jioni iliyopita alikuwa amekula maharage ya baridi kwenye sahani ile ya bati, amejikunyata ndani ya chumba cha mawe kisicho na paa, juu kabisa ya mlima, katikati ya magofu ya mji wa kale ambao hakuna aliyejua wenyewe waliukimbia kwa nini. Maji ya chupa yalikuwa yamebaki machache, akaona heri alale na sahani chafu kuliko kuamka na kiu. Akaisukuma pembeni na mchuzi wake ulioganda. Kulipopambazuka aliikuta palepale, haina punje, haina hata ule utando wa mafuta ambao hautoki bila sabuni. Akaigeuza huku na huku. Ilikuwa na unyevu kidogo.

"Umande," akajisemea, akafurahi kupunguziwa kazi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahauliwa hata na wateja. Alikuwa fundi cherehani, na kila alipopata upenyo alifunga mzigo akaondoka, ndiyo maana dada yake akambandika jina la Kiguu na Njia, watu wakalikata, likabaki Kiguu. Alisafiri peke yake na alisafiri kibahili. Begi alilishona mwenyewe kwa turubai. Safari hii alidandia lori la kabichi mpaka mwisho wa lami, halafu akakwea kwa miguu. Mlinzi wa magofu alipomwambia kwamba wageni wote hushuka kabla jua halijazama, na kwamba chini kijijini kuna nyumba ya wageni, aliitikia kwa adabu zote, "Sawa kaka, nitashuka," kisha akajibanza nyuma ya ukuta mpaka geti likafungwa. Nyumba ya wageni ya nini? Kuta zipo, nyota zipo, blanketi lipo.

Katikati ya chumba alicholala kulikuwa na jiwe kubwa lililochongwa mfano wa bakuli, kina chake kama cha beseni la kufulia. Lilikuwa kavu, limejaa vumbi na majani. Alisimama mbele yake akapiga mswaki huku akitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, na alipomaliza akainama akatema humo povu jeupe, zito, lenye harufu ya mnanaa. Akasukutua kwa funda moja la maji, akatema tena. Akageuka kukunja blanketi.

Nyuma yake kitu kinene, kilicholowa, kikaburuzwa polepole juu ya jiwe. Kikanyamaza. Kikaburuzwa tena.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu wala mnyama. Vumbi na majani vilikuwa vimesogea upande mmoja wa bakuli, na pale alipotema hapakuwa na povu. Jiwe lilikuwa jeusi, linang'aa, limelowa. Kutoka ndani yake ilipanda harufu ya uvuguvugu, harufu ya mdomo wa mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kusafishwa meno. Ilimgonga usoni kama pumzi ya mtu aliyesogea kumnong'oneza. Kiguu akakusanya vitu vyake shaghalabaghala, akashuka bila kutazama nyuma.

Getini alimkuta mlinzi ndiyo kwanza anafungua kufuli, redio ndogo ikining'inia shingoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mchangamfu, jana alimtania njia nzima. Leo hakutania.

"Dada, umelala humo."

"Nilipitiwa na usingizi, kaka yangu. Nisamehe."

"Umekula humo?"

"Kidogo tu."

Mlinzi akaziba mdomo wake kwa kiganja, akasema kupitia vidole, "Na mate? Umetema?"

Kiguu akacheka. Mtu mzima haulizwi swali kama hilo. "Nimepiga mswaki. Ni kosa?"

"Geuka nyuma."

Aligeuka, na akamsikia yule mwanamume akivuta pumzi. Akajipapasa kisogo. Nywele zake zilikuwa zimelazwa zote kuelekea juu, zimelowa, zimegandana kwa uteute kama za ndama aliyezaliwa sasa hivi. Vidole vilipotoka vilivuta uzi mwembamba wa ute uliong'aa kwenye jua la asubuhi.

"Usirudi kwenu leo," mlinzi akanong'ona. "Kaa hapa kijijini, tukutafutie mtu."

Kiguu alikuwa ameshatembea sana, na alishaona wageni wengi wakitafutiwa "mtu", na mtu huyo akiisha kupatikana hakosi bei. Akamshukuru mlinzi, akajifuta kisogo kwa kanga, akakimbilia lori.

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na jiko, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Dada mtu alilala chumba kimoja na mwanawe, mtoto mnene waliyemwita Kibonge, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika viti. Shemeji alifanya kazi mbali na alikuja kwa nadra. Kiguu alilala sebuleni kwenye kochi. Alikuwa hajaolewa na hana haraka. Mtoto wa dada yake alimtosha. Yule naye akimwona mama yake mdogo anaingia mlangoni hurusha mikono juu kama mtu aliyeshinda mashindano.

Siku moja baada ya kurudi, dada akaita kutoka jikoni.

"Wewe Kiguu, ukiosha vijiko uwe unavikausha. Vyote vimelowa."

"Mimi sijagusa kijiko."

Dada akakipeleka kimoja puani, akakirusha kwenye sinki kama kimemuunguza. "Basi vina nini hivi?"

Kesho yake ikawa kopo la siagi. Walililaza limefunikwa, wakalikuta wazi, na katikati ya siagi kulikuwa na mfereji mmoja laini, mpana kama kiganja cha mwanamume, uliotoka ukingo huu mpaka ule. Ndani ya mfereji kulikuwa na mistari myembamba iliyokwenda sambamba. Dada alisema ni paka. Paka hawakuwa naye, na paka wa ulimi kama ule angetosha kupandwa.

Mto wa kochi ukawa unalowa mchana, hakuna aliyeulalia. Kioo cha bafuni kikawa na michirizi ya ute iliyokauka, kama njia za konokono. Halafu asubuhi moja, akiwa na usingizi, Kiguu alitia mswaki mdomoni, akauzungusha mara mbili tatu, ndipo akahisi kwamba ulikuwa tayari umelowa, tena wa moto, na kwamba juu ya ile dawa ya meno kulikuwa na ladha nyingine, nzito, kama nyama iliyosahaulika kwenye mfuko. Alitapika mpaka akatapika nyongo. Alipoinua uso kutoka kwenye sinki ili afungue maji, sinki lilikuwa tupu, linameremeta.

Kazini hakukuwa na nafuu. Alishona katika chumba kimoja na fundi mwenzake, bwana mmoja mpole aliyeitwa Pindo kwa sababu hakuna aliyejua kupinda mguu wa suruali kama yeye. Fundi yeyote huilowesha ncha ya uzi mdomoni ili ipenye kwenye tundu la sindano. Ni jambo la mazoea, mtu hulifanya bila kufikiri. Sasa kila alipoupeleka uzi mdomoni Kiguu aliukuta umeshaloweshwa. Akaanza kuukata na kuutupa, anakata na kutupa, mpaka sakafu chini ya miguu yake ikawa kama kiota.

Mama mmoja akaja kuchukua gauni la harusi ya bintiye. Akalikunjua dirishani penye mwanga, akalisogeza, akalirudisha mbali.

"Fundi, mmenitemea gauni?"

"Mama yangu, nani atateme..."

"Hiki ni nini? Limekakamaa kifua chote kama leso ya mafua! Shika mwenyewe. Shika!"

Kiguu alishika. Kitambaa kilichokuwa kikiteleza kama maji kilikuwa kigumu, kimejaa magamba yaliyopukutika, na yalipopukutika yaliachia harufu ile ya mdomo. Yule mama aliondoka na matusi ambayo hayaandikiki. Pindo akasubiri mpaka visigino vyake visisikike ngazini, halafu akafunga mlango.

"Kiguu, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "nimenyamaza kwa sababu nilidhani ni wewe. Nilidhani umepata maradhi, nikaona nikustahi."

"Mimi nimefanya nini?"

"Jana ulipotoka kwenda kununua vifungo mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta sindano. Nikasikia mtu analamba kiti chako." Pindo alimeza mate, halafu akawa kama mtu aliyejutia kuyameza. "Analamba taratibu, mdogo wangu. Kwa raha. Kama mtu aliyepewa chakula anachokipenda, hataki kiishe. Nina shangazi yangu mkunga, ana uganga wa mambo haya pia. Nimpigie?"

Kiguu alisema ampigie. Kisha akamfikiria Kibonge, akaacha cherehani wazi, akakimbia.

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Dada alikuwa kibarazani anaanua nguo. "Mtoto kalala," alisema bila kugeuka, "nenda kamtazame, nimemsikia anagunaguna." Kiguu akausukuma mlango wa chumbani. Ilikuwa alasiri, mapazia yamefunguliwa, kila kitu kinaonekana. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, nzito, ya moto, kiasi kwamba ilibidi apumue kwa mdomo, na alipopumua kwa mdomo aliionja.

Kibonge alikuwa chali kitandani, macho wazi, analia bila sauti kama watoto wanavyolia wakishachoka. Nywele zake zilikuwa zimelazwa zote upande mmoja, zimebandikwa kwenye kichwa. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda kwenye maji. Na ngozi ya shavu lake la kushoto, lile shavu ambalo Kiguu alizoea kulibusu asubuhi kabla hajakwenda kazini, ilikuwa imekuwa nyembamba, nyekundu, laini kama ngozi inayojengeka chini ya lengelenge, na mishipa midogo ilionekana ndani yake. Na wakati Kiguu amesimama pale mlangoni, chozi moja likatoka kwenye jicho la mtoto, likateremka taratibu kuelekea sikioni, na kabla halijafika, shavu likabonyea, likabonyezwa na kitu kipana kisichoonekana kilichoanzia kwenye taya kikapanda juu mpaka kwenye paji la uso, bila haraka, na chozi halikuwepo tena, na shavu likabaki linameta.

Hakukumbuka alivyovuka chumba. Alimnyakua mtoto, akapiga mayowe, na dada akaingia na nguo mbichi mikononi.

Mkunga alifika kabla ya jioni na mwavuli uliovunjika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno makavu, ambaye hakuuliza hali wala hakukubali kiti. Alimvua mtoto, akamtazama kila pahali, akamnusa utosini. Uso ukamkunjamana.

"Nani kati yenu alikwenda kula kwa mtu bila kukaribishwa?"

Kiguu akaeleza yote: magofu, sahani, bakuli la jiwe, mswaki. Dada alimtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo.

"Sikiliza," mkunga akasema. "Jini mwenye hasira ni kazi rahisi. Unamwomba radhi, anaondoka. Huyu hana hasira na mtu. Huyu kanogewa."

"Kanogewa na nini?" dada akauliza.

"Na mdogo wako. Alimwonjesha mate yake, tena ndani ya chombo cha kulia cha jini mwenyewe. Sasa anamtafuta popote alipoacha mate au jasho lake, kwenye kijiko, kwenye mto wa kulalia, kwenye uzi. Halafu amefika kwa mtoto. Mtoto ni damu hiyohiyo, ila ana maziwa ndani yake."

"Atamfanya nini mwanangu?"

"Umewahi kuona pipi ikilambwa? Hufanywa nini?"

Dada akamkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika. Mkunga akakaa sasa, bila kuambiwa.

"Wewe ni mzazi. Mtoto mkubwa akigoma kuacha ziwa unamfanyaje?"

"Unapaka shubiri," dada akanong'ona.

"Basi. Hakuna dawa nyingine, atakayekuambia ipo anataka hela yako." Akamgeukia Kiguu. "Tutampaka mtoto. Tutapaka na vyombo. Wewe utainywa, mama, mpaka hata jasho lako liwe chungu. Lakini hapa ataonja uchungu na kuhamia kwa jirani, na huko tena arudi. Mtoto huachishwa ziwa kifuani kwa mama yake. Utarudi pale ulipomwonjesha, umpe akuonje tena, atosheke kwa kuchukia. Uende peke yako. Ukiongozana na mtu atamwonja huyo."

"Na nikishindwa?"

"Usifungue mdomo," mkunga akasema. "Hilo tu. Atakapokuwa juu yako, usifungue mdomo."

Siku zilizofuata Kiguu alikunywa shubiri asubuhi, mchana na jioni, ile nyeusi inayonata, mpaka ulimi ukakauka kama gunzi na tumbo likawa linajinyonga lenyewe. Kibonge, aliyepakwa mwili mzima, alilia kila alipotia kidole mdomoni. Ila shavu lake halikuzidi kuharibika, na Kiguu alijua ni kwa sababu kile kitu kilikuwa kimehamia kwake; aliposhona kilikuwa shingoni, kinamgusa kwa ncha, kinajiondoa, kinagusa tena pengine, kama mlaji anayetafuta sehemu ambayo haijaungua.

Alipanda lori lilelile. Dereva aliteremsha kioo, kisha akateremsha na cha upande wa pili.

"Samahani dada, umebeba ngozi mbichi?"

"Hapana, kaka."

"Basi kuna mnyama kafia kwenye injini," dereva akasema, na njia nzima aliendesha kichwa kikiwa nje.

Mlinzi alipomwona anapanda kilima alizima redio. Hakumdai kiingilio. Alifungua geti, akasimama mbali nalo.

"Nitakaa hapahapa," alisema. "Lakini dada, nisikufiche. Hata ukiniita siji. Nina watoto."

"Sitakuita," Kiguu akamjibu.

Ilikuwa adhuhuri, lakini ukungu ulikuwa umeukalia mlima, na kuta za magofu zilijitokeza moja moja kama meno. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha. Alitoa chupa ya shubiri, akajipaka usoni, shingoni, masikioni, mikononi, nyayoni, kwenye mizizi ya nywele, akaibugia iliyobaki, akaizungusha mdomoni, akainama juu ya bakuli la jiwe na kutema. Mate yalitoka meusi. Akafunga mdomo, akabana meno, akapiga magoti.

Kwanza alisikia kule bakulini. Ule mburuzo. Ukakatika ghafla.

Kisha pumzi ikamfikia, na ilikuwa pumzi ya kitu kikubwa kuliko chumba kile, na ulimi ukamgusa kwenye kidevu, wa moto, wenye miiba midogo kama brashi ya kusugulia nguo, ukapanda polepole ukapita kwenye midomo aliyoibana, ukasukuma pale katikati ya midomo, ukasubiri, ukasukuma tena kwa upole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyemzoea, na alipokataa kufungua ukapita puani, ukaingia tundu moja kisha la pili, ukapita nyuma ya masikio na katikati ya vidole na chini ya kwapa kupitia mkono wa blauzi, unaonja, unatetemeka kwa uchungu, unaondoka, unarudi, haukubali, kwa maana ulijua kwamba ule utamu ulikuwepo na ni lazima uwe umefichwa mahali fulani katika mwili huu, na ute ulimchuruzika mpaka magoti yake yakawa yamezama ndani ya dimbwi la uvuguvugu, na kichefuchefu kikampanda mpaka kooni, akakimeza, kikapanda tena, akakimeza tena, kwa sababu kutapika ni kufungua mdomo. Na ndipo, bila yeye kutaka, kwa kinyaa tu na kwa kumkumbuka Kibonge amelala chali anavumilia haya peke yake bila kujua hata jina la kinachomlamba, macho yakamjaa machozi.

Ulimi ukasimama.

Macho hakuyapaka. Hakuna aliyemwambia apake macho.

Ukateremka kwenye jicho la kulia kwa uangalifu, ukalitandika zima, kope na mboni, na kitu kile kikatoa sauti kwa mara ya kwanza: mguno mrefu wa raha, wa mtoto aliyepata titi gizani. Ukalamba tena. Kiguu alihisi jicho linasogea ndani ya tundu lake. Alijua kwamba sasa hautaondoka kamwe, kwamba utakunywa machozi mpaka yaishe na baada ya machozi utaendelea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeishika chupa. Chini kabisa kulikuwa na mashapo mazito ya shubiri, yale yasiyomiminika. Akaingiza kidole, akayachota, na bila kufikiri, kwa maana angefikiri asingeweza, akayapaka ndani ya jicho moja na ndani ya la pili.

Maumivu yalimlaza chini. Hakuona kitu tena. Alisikia tu ulimi unarudi, unagusa, na kisha ukelele ambao haukuwa wa mtu wala mnyama, na baada yake, kule bakulini, kutapika. Kilitapika kwa muda mrefu. Kilitapika kwa mikupuo mizito iliyopiga jiwe na kumrukia usoni, na kila mkupuo ulikuja na harufu yake: siagi iliyooza, povu la mnanaa, nyuzi, jasho la mto, maharage, na mwishoni kabisa, yamechacha, maziwa. Halafu pakawa kimya.

Alitambaa akipapasa kuta mpaka alipohisi jua, lililokuwa limeshapasua ukungu, mgongoni. Mlinzi, aliyeapa kwamba haji, alimkuta nusu ya njia, akambeba mgongoni mpaka kijijini, yeye mwenyewe akitapika kwa ile harufu kila baada ya hatua chache na kuomba radhi kwa kutapika.

Macho yalipona, ingawa la kulia lilibaki na ukungu. Shavu la Kibonge likaota ngozi mpya. Vijiko vikakaa vikavu. Dada, ambaye hakuwa amezungumza naye vizuri tangu mkunga aje, alimpikia, akamwomba msamaha kwa lile jicho alilomtazama nalo, wakalia pamoja kisha wakacheka. Shemeji alipokuja hawakumwambia kitu.

Jambo moja tu halikurudi. Kila alichokula Kiguu kilikuwa shubiri. Sukari ilikuwa shubiri, chumvi ilikuwa shubiri, maji yalikuwa shubiri. Mkunga alisema itaisha. Haikuisha. Akakonda mpaka Pindo akawa anamletea matunda kila siku, naye anayatafuna kwa heshima tu huku akionja shubiri tu. Aliota chakula. Akiwa ameinama juu ya cherehani alikuwa akijaribu kukumbuka tamu ilikuwaje, na alishindwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya aliyekufa zamani.

Jioni moja dada alimwogesha mtoto, akamkabidhi Kiguu chumbani akiwa amefungwa taulo, yeye akaenda kumwaga maji. Kibonge alirusha mikono juu. Alikuwa wa moto, ananukia sabuni, na tone moja la maji lilikuwa limebaki kwenye paji lake la uso. Kiguu akainama, akambusu pale.

Ladha ikampitia kama umeme. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu na ina chumvi kidogo, na chini ya chumvi kulikuwa na kitu cha mafuta, cha maziwa, kizuri kiasi kwamba mwili wake wote uliokuwa na njaa ya wiki na wiki ukaamka kwa pamoja. Hakuutoa mdomo. Alijiona hautoi. Ncha ya ulimi wake ilikuwa imeshatoka katikati ya midomo, na mtoto, ambaye alikuwa anacheka, aliacha kucheka.

Alimtua kitandani. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Akalivuta lile begi la turubai kutoka uvunguni, akaanza kusukumia nguo ndani.

"Dada!" aliita. "Dada, njoo umchukue mwanao!"

Dada alitokea mlangoni na beseni mkononi, anatabasamu. "Ndiyo kwanza nimekupa, umeshachoka? Na hilo begi, unakwenda wapi tena wewe Kiguu na Njia?"

Kiguu alitikisa kichwa, akamwonyesha mtoto kwa kidole, kisha akamwonyesha mlango.

"Si useme," dada akasema, na tabasamu likaanza kumtoka. "Kuna nini? Sema, mdogo wangu."

Hakuweza kusema. Alikuwa amebana midomo kwa nguvu zake zote, na mate yalikuwa yamemjaa mpaka kwenye mashavu.